Mtindi wa Barafu na Asali, Mjini Athens



Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kusimuliwa safari za Umra, za Lamu wakati wa Maulidi, na za jamaa walioko Zanzibar na Maskati. Safari yetu ilielekea upande mwingine, wala haikuwa ya matembezi. Kitinda mimba wetu ni baharia, fundi wa mitambo ya meli, na mwaka wa pili ulikuwa ukimalizika hajatia mguu Mombasa. Kila mkataba ulipokwisha alitia saini mwingine, kwa kuwa alikuwa akijenga nyumba ya Mama. Alipopata habari kuwa meli yao ingepandishwa chelezoni Perama, karibu na bandari ya Piraeus huko Ugiriki, ikae majuma kadhaa ikitengenezwa, akatuma neno: njooni nyinyi, nauli ni juu yangu. Viza ilitaka vyeti vingi kuliko nguo tulizobeba. Lakini Mwenyezi Mungu akijaalia jambo hupita, na mwezi wa Septemba tulikuwa njiani watu wanne: Mama, sisi dada zake wawili, na mjomba wetu, aliyekubali kutufuata awe mahram wetu ingawa haipendi ndege.

Kulikuwa na jambo moja tuliloondoka nalo ambalo halikuandikwa katika cheti chochote. Mama ana ugonjwa wa sukari. Uligunduliwa miezi michache baada ya kijana kuondoka, na siku ile ile Mama akatukataza kumwambia. "Mtoto yuko katikati ya bahari," alisema, "hana pa kukimbilia. Msimtie wasiwasi akasimama mbele ya mashine hana usingizi." Tukanyamaza. Naye, maskini, kutoka kila bandari alikuwa akituma kitu kitamu: halwa, tende, makopo ya asali yaliyofungwa kwa matambara yasivunjike. Mama aliyapokea, akayagawa kwa majirani, na simu ilipoingia alisema, "Yametufikia, mwanangu, Mungu akubariki." Hakusema uongo. Kweli yote pia hakuisema.

Sasa alikuwa amesimama uwanja wa ndege wa Athens na mikono wazi, na katika maneno yake ya mwanzo baada ya salamu na machozi alisema kuwa kuna kitu atakachomlisha Mama. Mtindi wa barafu wenye asali. Alikuwa ameuonja mara ya kwanza meli yao ilipotia nanga Piraeus, akaapa kuwa hatauonja tena ila awe na mamake. Sisi dada wawili tukatazamana. Mama akatabasamu tu.

Piraeus ni mji wa bandari hasa, na mtu wa Mombasa hapotei humo. Kuna harufu ya mafuta ya meli, kuna makuli, kuna wauza samaki wanaopiga kelele, na paka wamejaa vizingitini kama Mji wa Kale. Tulipanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya meli, na siku ya tatu, kijana alipopata ruhusa ya mchana mzima, tukapanda treni kwenda Athens. Njia hiyo ya reli ni ya mwaka 1869, ilianza kwa treni za moshi, na leo ni sehemu ya metro ya mji. Mjomba, ambaye Likoni hupanda feri akilalamika, aliisifu treni mwendo mzima kwa kuwa haikuelea.

Tulianza na sala. Athens ilikaa muda mrefu bila msikiti rasmi. Waislamu wa huko, wengi wao wageni waliofuata kazi, walikuwa wakisali katika vyumba vya chini ya majumba na karakana zilizoachwa. Msikiti wa serikali ulifunguliwa Novemba 2020, mtaa wa Votanikos, katika ardhi iliyokuwa ya jeshi la wanamaji. Ni jengo la chini, la rangi nyepesi, halina mnara, na usipoulizia utapita ukidhani ni ofisi. Tulisali adhuhuri humo pamoja na kundi dogo la wanawake, kila mmoja wa nchi yake, tukapeana mikono tusielewane lugha.

Kutoka hapo tulikwenda Monastiraki, na hapo ndipo mtu huona msikiti wa aina nyingine. Katikati ya uwanja, mbele ya kituo cha treni, limesimama jengo lenye kuba na matao matatu. Huo ni msikiti wa Tzistarakis, uliojengwa mwaka 1759 na gavana wa Athens zama za utawala wa Kiosmani. Mnara wake haupo, na jengo lenyewe leo ni mali ya makumbusho. Ngazini pake vijana walikuwa wameketi wakila vitu vya baridi. Mama aliutazama mrefu, akasoma aliyoyasoma kimyakimya, kisha akauliza duka liko wapi, kwa kuwa miguu ilianza kumchoka.

Tukiwa njiani kijana alitueleza habari za asali, na alizieleza kama mtu aliyezihifadhi kwa ajili ya siku hiyo. Mashariki ya Athens kuna mlima uitwao Hymettus, mkavu, wa mawe, wenye vichaka vya mmea wa jamii ya zaatari. Nyuki wa mlima ule wametajwa tangu enzi za kale, na asali yao ni ya rangi ya kahawia nyepesi, ina harufu ya majani yaliyokaushwa juani. Wagiriki wa kale walikuwa na sheria ya mizinga: Solon, mtunga sheria wa Athens, aliamuru kwamba mwenye kuweka mizinga yake aiache umbali wa futi 300 kutoka mizinga ya mwenzake. Mjomba akasema sheria hiyo ingefaa iletwe kwetu, isiwe ya nyuki tu bali na ya vipaza sauti vya harusi. Hata hivyo sehemu kubwa ya asali ya Ugiriki haitoki katika maua kabisa. Hutoka misonobarini, ambako kijidudu fulani hunyonya utomvu wa mti na kutoa maji matamu, na nyuki huyakusanya. Ni asali nzito, yenye weusi, na tulipoionja baadaye tulipata ladha inayokaribia ile ya nyuki wa mikoko ya kwetu, chumvi ikiwa mbali nyuma yake.

Duka lilikuwa jipya, jeupe, lenye mashine zilizopangwa ukutani na vibakuli vya vikorombwezo mbele: karanga, matunda, biskuti zilizopondwa, peremende laini za rangi zote. Kijana alitaka kuagiza papo hapo. Mjomba akamzuia kwa fimbo yake, akavaa miwani.

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa akina mama wengi wanaosafiri na watoto hukutana na jambo hili. Mtindi wenyewe hauna shida. Ni maziwa na vijidudu vyema vinavyoyachachusha, basi. Shida iko katika vile vinavyoongezwa ili mtindi wa barafu ukae laini usiachane, na kimojawapo chaweza kuwa jelatini, ambayo hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na Ulaya mara nyingi mnyama huyo ni nguruwe. Karatasi ya bidhaa huandika neno jelatini, lakini si lazima itaje ni ya mnyama gani. Wala isidhaniwe kuwa ile orodha ya vitu 14 vinavyodhuru wenye mzio, ambayo kila duka la Ulaya hulazimika kuwajulisha wateja wake, itakusaidia, jelatini haimo. Dawa ni kuomba kuonyeshwa mfuko wa mchanganyiko na kuusoma. Msichana wa dukani hakuudhika. Aliuleta mfuko mzima, akauweka juu ya meza, akasubiri Mjomba asome kwa kidole. Kilichotumika kulainisha kilikuwa pektini ya matunda na gundi ya mbegu za guar. Mjomba akavua miwani, akasema "Bismillahi." Peremende laini tuliziacha palepale, kwa kuwa hizo ndizo zenye jelatini mara nyingi zaidi.

Kuna mzaha mdogo katika jina la kitu hiki. Neno lenyewe, ambalo Wagiriki nao hulitumia kwa matamshi yao, asili yake ni Kituruki. Desturi ya kuugandisha kwa mashine na kuuza kama aiskrimu haikuzaliwa Ugiriki bali Marekani, miaka ya 1970. Na aliyewazoesha Wamarekani wengi mtindi mzito uitwao wa Kigiriki ni Hamdi Ulukaya, Mkurdi mzaliwa wa Uturuki, aliyenunua kiwanda kikuukuu katika jimbo la New York mwaka 2005. Uingereza kampuni zilipelekana mahakamani kwa ajili ya jina hilo, na mwaka 2013 hakimu wa London akaamua kuwa mtindi usiotengenezwa Ugiriki usiuzwe huko kwa jina la Ugiriki. Kwa hivyo kile tulichokuwa tunakaribia kukila kilikuwa kimezunguka dunia kikarudi kwao kimevaa nguo za kigeni, kama vijana wetu wengine.

Kijana akaleta vikombe vitano vikubwa. Mtindi ulikuwa mweupe, umezungushwa hadi ukawa na ncha kama kilemba, na juu yake asali ilikuwa inashuka polepole ikitafuta njia. Tulionja. Kwanza huja ubaridi, na ubaridi hauna ladha. Kisha huja ukali wa maziwa yaliyochacha, mwepesi, wa kuamsha mashavu. Asali huja mwisho, kwa sababu ikigusana na barafu hukazika, ikawa nyuzi za kutafuna kama gubiti, na mtu huipata kinywani mtindi ukiwa umeshateremka. Ilikuwa tamu mno. Twasema kweli: ilikuwa tamu kuliko tulivyotaka iwe.

Na utamu huo si wa asali iliyomiminwa juu tu. Mtindi mtupu ukiutia katika friza hugeuka jiwe. Ili ukae laini hutiwa sukari nyingi, kwa kuwa sukari huzuia maji yake yasigande yote, huku mashine ikiupiga na kuuingiza hewa. Tena ulimi ukipoa hauonji utamu sawasawa, basi huongezwa sukari juu ya sukari ili mlaji aihisi. Jina la mtindi lina heshima ya chakula cha afya, na ndani ya heshima hiyo kikombe hupita bila kuulizwa. Tulikuwa tunayajua haya kwa sababu ya Mama. Miaka miwili ya kumpikia mtu mwenye sukari ni madrasa.

Mama alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Kijana hakuwa anakula, alikuwa anamtazama.

"Mama, mbona huli?"

"Nakula, mwanangu."

Akala kijiko, akasifu. Akala cha pili. Kikombe kilikuwa kikubwa kama bakuli la uji, na tulimwona akishuka nacho taratibu, kijiko baada ya kijiko, uso mtulivu, kama anywaye dawa chungu, ingawa alichokuwa anakila kilikuwa kitamu. Hapo tukaelewa kuwa alikuwa amekusudia kukimaliza. Kwake ilikuwa nyepesi kuugua usiku ule kuliko kumvunja moyo mtoto aliyengoja miaka miwili. Mmoja wetu, aliye mkubwa, alinyosha mkono akakishika kikombe.

"Mama, yatosha."

Kijana akacheka kwanza, akidhani ni mchezo wa nyumbani. Kisha akaona nyuso zetu. "Dada, mwamnyang'anya Mama chakula chake? Mbele yangu?"

Hakuna aliyejibu. Mjomba alitazama mlango. Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kama anayetaja bei ya kitu: "Nina sukari, mwanangu. Si mpya."

"Tangu lini?"

Tukamwambia tangu lini. Alikaa akihesabu, na tulijua anahesabu nini. Alikuwa anahesabu makopo.

"Ile asali ya mwaka jana?"

"Ilimfika jirani yetu," Mama alisema, "aliyekuwa amejifungua. Alikuombea sana."

Hakuja juu, wala hakulia. Aliinuka akaenda kusimama karibu na mashine, mgongo ukitutazama, na msichana wa dukani akamwuliza kwa Kiingereza kama anataka kingine. Tulipokuwa nyumbani Mombasa tuliamini kuwa tunamhifadhi. Pale dukani, kwa mara ya kwanza, tuliona jinsi jambo lile lilivyoonekana kutoka upande wake: kwamba kwa miaka miwili nyumba nzima ilikuwa ikiishi na habari, naye peke yake akibisha hodi nje na zawadi mkononi.

Aliporudi aliuliza maswali, moja moja, kama fundi anayeuliza mashine imelia vipi. Anakunywa dawa gani? Anapima mara ngapi? Na asali, si imetajwa kuwa ni shifaa? Hili Mama mwenyewe aliwahi kumwuliza daktari, kwa kuwa Sura nzima imeitwa kwa jina la nyuki, na hakuna Mwislamu anayeidharau asali. Daktari, Mwislamu naye, alimjibu kwa adabu kuwa shifaa haina maana kila mtu na kila kipimo. Kwa mwenye kisukari asali hupandisha sukari ya damu kama tamu nyingine, na kijiko ni kijiko. Na kwa kuwa tumefika hapo, wenye wachanga nao wasikie: mtoto asiyetimiza mwaka hapewi asali hata tone, kwani huweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda. Anayetaka kumfanyia mtoto tahniki, tende yatosha.

Tulitoka dukani vikombe vikiwa nusu, isipokuwa cha Mjomba. Kijana alitangulia bila kusema tunakwenda wapi, akauliza watu wawili watatu njia, na baada ya mwendo wa robo saa tukafika duka la maziwa la zamani, lenye meza za marumaru na wazee waliokuwa wakisoma magazeti. Humo hakuna mashine. Mtindi wa hapo ni wa maziwa ya kondoo, umechujwa. Maziwa huchemshwa, huachwa yapoe hadi kidole kistahimili, hutiwa kijiko cha mtindi wa jana, hufunikwa yalale. Yakishika humiminwa katika kitambaa na kuning'inizwa, maji yake yakadondoka. Akina mama wa pwani wataielewa kazi hiyo wakikumbuka kuchuja tui, ila hapa hapana mkono wa kukamua. Uzito wa mtindi wenyewe ndio unaoukamua. Huhitajiwa lita tatu hadi nne za maziwa kupata kilo moja, na kijiko ukikisimamisha ndani yake husimama.

Kijana alimwagizia Mama sahani ndogo, bila sukari, bila asali, jozi zilizovunjwa pembeni. Alikuwa ameona haya kidogo, kwa kuwa hakikuwa kile alichokipanga. Mama alionja, akanyamaza. Kisha akaanza kusimulia habari tusizowahi kuzisikia: jinsi utotoni mwao, upande wa Lamu, wanawake wa Kiorma walivyokuwa wakileta maziwa kwa vibuyu vilivyofukizwa moshi, na jinsi nyanya yake alivyoyaacha yakaganda, akayala kwa chumvi kidogo na mkate wa kumimina. Alisema huu hauna moshi, lakini uzito ni ule. Aliimaliza sahani. Alimwomba kijana amletee asali ya kuchovya ncha ya kijiko, ncha tu, tukamwacha.

Usiku, Piraeus, meli zikipiga honi nje ya dirisha, Mama alitoa kile kimashine chake cha kupimia, ambacho kwa siku tatu alikuwa akikitumia bafuni mlango ukiwa umefungwa. Kwa kawaida mmoja wetu ndiye humtoboa kidole. Kijana alisema atamtoboa yeye. Alinawa mikono mara mbili, mikono ya fundi, mafuta yamekaa kwenye mistari ya viganja, akashika kidole cha mamake kwa namna ambayo hatujaiona akishika kitu. Alikosea mara ya kwanza, hakutoboa vya kutosha. Mama akasema, "Usiogope, ngozi yangu ngumu."

Namba ilitokea. Ilikuwa juu, si juu ya kutisha. Akaisoma, akaisoma tena, akauliza daftari liko wapi.

"La nini?"

"Si mnaandika?"

Tukampa daftari. Aliandika tarehe, saa, na namba kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya injini, na mbele yake, katika nafasi ambayo sisi huandika chakula alichokula, akaandika: nusu kikombe, kosa langu. Mama akamnyang'anya kalamu, akafuta maneno mawili ya mwisho, akamrudishia daftari aliweke.